Mikataba ya Biashara Huria na Mfanyabiashara Mdogo wa Tunduma

Mji wa Tunduma, uliopo katika Mkoa wa Songwe, ni mlango mkuu wa nchi kavu unaoiunganisha Tanzania na nchi za kusini mwa Afrika. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam inavuka mpaka hapo kuingia Nakonde nchini Zambia, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi kwa serikali za nchi hizo mbili mwaka 1976, inapita hapohapo. Malori yanayobeba shaba kutoka Zambia na kusini mwa Kongo, pamoja na yale yanayopeleka huko mafuta, mbolea na shehena nyingine za bandarini, hupanga foleni ndefu ambazo zimeufanya mji huo ujulikane nchini kote. Hata hivyo, kando ya malori hayo ipo biashara ya pili, kongwe kuliko barabara na reli, nayo ni ya wachuuzi, wakulima, wasagishaji na wenye maduka wanaovusha magunia machache ya mchele, maharage au unga, ndoo za nyanya, sabuni na nguo. Mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliukubali mwaka 1890 uliwagawa Wanyamwanga, wenyeji wa eneo hilo, katika nchi mbili, lakini haukukatiza udugu wao wala masoko yao.

Biashara hizo mbili zinatawaliwa na mikataba ileile ya kimataifa, lakini hazinufaiki kwa kiwango kilekile. Hoja ya makala haya ni kwamba mkataba wa biashara huria hutoa haki ya kuvusha bidhaa bila kulipa ushuru wa forodha, ilhali gharama ya kuithibitisha haki hiyo haipungui kwa sababu mzigo ni mdogo. Kwa hiyo, pasipo kuwekwa utaratibu maalumu kwa ajili ya wadogo, mkataba uleule unaompunguzia mzigo mfanyabiashara mkubwa unaweza kumwacha mdogo palepale alipokuwa, au hata kumrudisha nyuma.

Maana ya biashara huria

Mkataba wa biashara huria ni makubaliano ambayo kwayo nchi mbili au zaidi huondoleana ushuru wa forodha, yaani kodi inayotozwa bidhaa inapoingia nchini, kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi hizo, huku kila nchi ikibaki na uhuru wa kupanga ushuru wake dhidi ya mataifa mengine. Hapo ndipo mkataba huo unapotofautiana na umoja wa forodha, ambamo wanachama hutumia viwango vya pamoja vya ushuru kwa bidhaa zote zitokazo nje. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa umoja wa forodha tangu mwaka 2005, wakati Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yaani SADC, ilianzisha eneo huru la biashara mwaka 2008, baada ya sehemu kubwa ya biashara kati ya wanachama wake walioshiriki kuondolewa ushuru.

Nafasi ya Tunduma katika mpangilio huu si ya kawaida. Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC, lakini ilijitoa mwaka 2000 katika Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, lijulikanalo kama COMESA. Zambia, kwa upande wake, imo katika SADC na COMESA, na ndiyo mwenyeji wa makao makuu ya COMESA mjini Lusaka, ila haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika jumuiya hizo tatu, kwa hiyo, SADC ndiyo pekee inayozikutanisha nchi hizi mbili. Juu yake limejengwa Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Kigali mwezi Machi 2018 na biashara chini yake ikaruhusiwa rasmi kuanza Januari 2021. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nane zilizochaguliwa mwaka 2022 kuanza biashara ya majaribio chini ya mkataba huo.

Mgawanyo huo wa uanachama una matokeo yanayogusa moja kwa moja mifuko ya watu wa kawaida. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara ndogo, unaomruhusu mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kupata cheti chepesi cha uasili mpakani, mradi bidhaa zake zimo katika orodha iliyokubaliwa. COMESA nayo ina utaratibu wa namna hiyo, ambao Zambia imeutumia katika mipaka yake na Malawi na Zimbabwe. Mpaka wa Tunduma na Nakonde, hata hivyo, haumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa upande wa Zambia, wala haumo katika COMESA kwa upande wa Tanzania. Haki hizo mbili zinaishia pembeni yake, na nafuu ya mchuuzi wa hapo inategemea kanuni za SADC pamoja na maelewano ya moja kwa moja kati ya Dodoma na Lusaka.

Cheti cha uasili na gharama isiyopungua

Kwa kuwa kila nchi iliyomo katika eneo huru la biashara hubaki na ushuru wake dhidi ya mataifa ya nje, lazima pawepo njia ya kuzuia bidhaa za nje zisiingie kwa kupitia nchi yenye ushuru mdogo na kujifanya ni za wanachama. Njia hiyo ni kanuni za uasili wa bidhaa, zinazoeleza ni kiasi gani cha kazi au malighafi kinapaswa kutoka ndani ya eneo husika ili bidhaa ihesabiwe kuwa ya huko. Mpunga uliolimwa Kamsamba katika Wilaya ya Momba na kukobolewa Tunduma hauna utata, kwa kuwa umezalishwa wote nchini. Viatu vilivyotengenezwa China, vikanunuliwa Kariakoo na kupelekwa Nakonde, havipati msamaha wowote hata kama muuzaji, mnunuzi na gari ni vya nchi wanachama. Jambo hili ni zito kwa wachuuzi, kwani sehemu kubwa ya bidhaa za maduka madogo hutoka Asia, na kwa bidhaa hizo eneo huru la biashara halibadilishi chochote katika ushuru.

Hata bidhaa inayostahili haivuki bila ushuru kwa kustahili pekee, bali lazima uasili wake uthibitishwe kwa cheti. Kwa upande wa Tanzania, vyeti vya kuuzia bidhaa katika SADC vimekuwa vikitolewa na Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo, yaani TCCIA. Mazao yanahitaji pia cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, bidhaa zilizosindikwa zinahusisha Shirika la Viwango, na tamko la forodha kwa kawaida huandaliwa na wakala mwenye leseni ambaye hulipwa ujira wake.

Mfano wa kukokotoa unaweza kuonyesha uzito wa taratibu hizo. Ikichukuliwa kwamba nyaraka zote za safari moja, pamoja na ujira wa wakala, zinagharimu shilingi 60,000, mwenye lori la magunia 300 ataigawa gharama hiyo na kupata shilingi 200 kwa kila gunia, kiasi ambacho hakitaathiri bei yake. Mwenye magunia 10 atabeba shilingi 6,000 kwa kila gunia, na huenda faida yake yote ikaishia hapo, bila kuhesabu siku aliyoipoteza akifuatilia mihuri. Wanauchumi huita gharama ya aina hii gharama isiyobadilika, kwa maana haiongezeki wala kupungua kulingana na ukubwa wa mzigo. Ndiyo sababu wengi huona heri kulipa ushuru kamili kuliko kutafuta msamaha, au hupita njia za panya, ambako hukosa ulinzi wa sheria, hutozwa fedha zisizo na stakabadhi na huweza kupoteza mzigo wote wakikamatwa. Magendo ya namna hiyo hayatokani na ukaidi wa wachuuzi pekee, kwani yanachochewa pia na taratibu zilizopimwa kwa kipimo cha lori.

Kinachobaki baada ya ushuru kuondolewa

Wafanyabiashara wengi hudhani kwamba biashara huria maana yake ni kutolipa chochote mpakani, na dhana hiyo huzaa ugomvi usio wa lazima na maofisa. Mkataba huondoa ushuru wa forodha peke yake. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 nchini Zambia, huendelea kutozwa kwa bidhaa zinazohusika, sawa na ushuru wa bidhaa, ada za ukaguzi na tozo za halmashauri.

Zaidi ya hizo vipo vikwazo visivyo vya kiushuru, yaani masharti na vitendo vinavyozuia bidhaa bila kuitoza kodi: ukaguzi unaorudiwa, viwango vinavyotofautiana, vizuizi vya barabarani, foleni na marufuku za ghafla. Baadhi ya vikwazo hivyo vimeshughulikiwa kwa mafanikio. Tarehe 5 Oktoba 2019, Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde, ambamo maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja ili msafiri na mzigo wasimame mara moja tu, katika nchi wanayoingia. Hatua hiyo ilipunguza hatua za ukaguzi, ingawa haikupunguza idadi ya nyaraka ambazo mwenye magunia 10 anatakiwa kuwa nazo.

Marufuku za ghafla ndizo zinazomwumiza mdogo kuliko vikwazo vingine vyote. Machi 2025 Malawi, inayopakana na Mkoa wa Songwe upande wa Ileje, ilizuia uingizaji wa bidhaa kadhaa, zikiwemo unga wa mahindi, mchele, tangawizi na ndizi, huku Afrika Kusini ikiwa na zuio la muda mrefu dhidi ya ndizi za Tanzania. Mwezi uliofuata Tanzania ilijibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka nchi hizo mbili, na baada ya siku chache zuio hilo likaondolewa ili kupisha mazungumzo. Nchi zote tatu zimo katika eneo huru la biashara la SADC. Kampuni kubwa yenye maghala na mtaji inaweza kusubiri siku hizo zipite au kuupeleka mzigo kwingine, lakini mwenye mikungu ya ndizi au kreti za nyanya hana muda huo, kwa kuwa bidhaa yake huoza kabla mawaziri hawajakutana.

Biashara ya mahindi inaonyesha fursa na hatari kwa pamoja. Mwaka 2024 ukame mkali uliifanya Zambia kutangaza janga la kitaifa, na serikali yake ikafikia makubaliano na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wa Tanzania ya kununua tani 650,000 za mahindi. Mahitaji hayo yalikuwa habari njema kwa mikoa inayolima mahindi kwa wingi, ukiwemo Songwe. Lakini mauzo ya serikali kwa serikali hupitia maghala ya taifa na malori makubwa, na mkulima wa Mbozi mkoani Songwe huuza tu kwa bei ya kituo cha ununuzi. Tanzania yenyewe imewahi kuzuia uuzaji wa mahindi nje, kama ilivyofanya mwaka 2017, na kila zuio la aina hiyo hushusha bei shambani wakati ambapo mkulima mdogo ameshaingia gharama za mbegu na mbolea.

Ushindani unaokuja na mlango uliofunguliwa

Mlango unaofunguliwa kwa ajili ya kuuza hufunguliwa pia kwa ajili ya kununua. Kufunguliwa kwa soko huleta bidhaa nafuu kwa mlaji na malighafi nafuu kwa fundi na msindikaji, na hiyo ni faida ya kweli. Wakati huohuo, humkutanisha msagishaji mwenye mashine moja na viwanda vya Afrika Kusini vinavyozalisha kwa wingi, kukopa kwa riba nafuu na kuuza katika vifungashio vinavyovutia. Sera ya Tanzania ya mwaka 2003 kuhusu viwanda vidogo na biashara ndogo inaitambua shughuli yenye watu wasiozidi wanne na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 kuwa ni ndogo kabisa. Shughuli ya kiwango hicho haina uwezo wa kungoja miaka mitano ijifunze kushindana.

Nchi nyingine zimewahi kulitambua tatizo hilo. Mexico ilipoingia katika mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada mwaka 1994, mahindi yaliwekewa kipindi cha mpito hadi mwaka 2008 ili wakulima wapate muda wa kujiandaa, na hata hivyo wakulima wadogo wengi walishindwa kuhimili mahindi ya Marekani. Funzo lake kwa Afrika Mashariki ni kwamba muda wa mpito hausaidii kitu endapo hautumiki kuleta mikopo, maghala, mashine na elimu ya viwango.

Yanayopaswa kufanyika

Hatua ya kwanza ni Tanzania na Zambia kuhakikisha kwamba mpaka wa Tunduma na Nakonde unakuwa na utaratibu rahisi wa biashara ndogo unaofanya kazi kikamilifu, wenye orodha ya bidhaa iliyobandikwa hadharani kwa Kiswahili na Kinyamwanga, kiwango cha thamani kinacholingana na mitaji ya watu na cheti kinachotolewa palepale dirishani bila kuhitaji wakala. Hatua ya pili ni kuzifanya marufuku ziwe na taarifa ya kutangulia, ili mzigo ulioko njiani usiadhibiwe kwa uamuzi ambao mwenye mzigo hakuujua. Hatua ya tatu ni wachuuzi wenyewe kuungana katika vikundi na ushirika, kwa sababu watu 30 wenye magunia 10 kila mmoja wanaweza kupata lori moja, tamko moja na gharama ya lori moja. Vikwazo vinavyobaki viripotiwe katika mfumo wa pamoja wa COMESA, Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC unaopatikana kwa intaneti, ambao huyafikisha malalamiko kwa serikali husika. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mwaka 2024 Itifaki ya Wanawake na Vijana katika Biashara, na wafanyabiashara wa mipakani wana kila sababu ya kudai utekelezaji wake.

Thamani ya mkataba wa biashara huria haipimwi kwa idadi ya saini zilizowekwa wala kwa wingi wa malori yanayovuka. Inapimwa kwa uwezo wa mama mwenye magunia matano ya mchele kuvuka mpaka mchana, akiwa na cheti chake mkononi, akauza na kurudi na faida. Serikali za Tanzania na Zambia zina wajibu wa kuufikisha mkataba kwake, kwani aliahidiwa haki hiyo tangu SADC ilipofungua soko lake mwaka 2008.