Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Manufaa na Madhara ya Mitambo ya Kahawa ya Kapsuli

Utangulizi

Wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii hukumbusha kwamba nyuma ya kila kitu kinachoonekana chepesi pana kazi na gharama ambayo macho hayaioni. Mtambo wa kahawa ya kapsuli ni mfano mwafaka wa ukweli huo. Mtumiaji hutia kapsuli moja mtamboni, hubonyeza kitufe, na kabla dakika moja haijatimia kikombe kimejaa kahawa moto. Hapana kuchoma buni, hapana kutwanga, hapana kuchuja, wala hapana mashapo ya kuzoa.

Mitambo hii imeenea sana Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na siku hizi haikosekani katika baadhi ya hoteli na ofisi za Nairobi. Makala hii inadhamiria kueleza ilivyozuka, inavyofanya kazi, manufaa yake na madhara yake. Hoja kuu inayojengwa ni kwamba wepesi wa kapsuli ni wa kweli na haufai kubezwa. Hata hivyo, kazi na gharama inayomwondokea mnywaji haitoweki, bali huhamia kwingine.

Kabla ya kuendelea, inafaa kulitolea maelezo neno lenyewe. Makala hii inatumia istilahi kapsuli, ambayo wazungumzaji wameizoea katika uwanja wa dawa. Neno kidonge lingefaa kwa upande wa udogo, ila kidonge ni kitu kizima, ilhali kapsuli ina ganda na kilichomo ndani ya ganda. Upambanuzi huu si wa kimsamiati tu. Ganda hilo ndilo kiini cha mjadala wote unaofuata.

Chimbuko la Kapsuli

Historia ya kapsuli ina matawi mawili makuu. Tawi la kwanza ni la Uswisi. Mnamo mwaka wa 1976, Eric Favre, mhandisi wa kampuni ya Nestlé, alipata hataza ya mfumo ambao ungemwezesha mtu asiye na ujuzi wowote kupika kahawa nzito ya Kiitaliano iitwayo espresso. Kwa kawaida, kahawa hiyo huhitaji mpishi aliyefunzwa kupima unga, kuushindilia na kulikadiria shinikizo la maji. Miaka 10 baadaye, yaani 1986, kampuni tanzu ya Nespresso iliundwa ili kuuza mitambo na kapsuli zake. Mwanzoni wateja waliolengwa walikuwa wenye ofisi, na mauzo yalichechemea. Biashara ilishamiri baada ya kuelekezwa majumbani.

Tawi la pili ni la Marekani. Katika miaka ya 1990, John Sylvan na Peter Dragone waliasisi kampuni ya Keurig. Tatizo walilotaka kulitatua lilikuwa la kiofisi: birika kubwa la kahawa hupikwa asubuhi, huachwa juu ya moto hadi kahawa ikachacha, kisha nusu yake humwagwa. Mtambo wao wa kwanza uliingia maofisini mwaka wa 1998. Nchini Uholanzi nako, kampuni za Philips na Douwe Egberts zilizindua mtambo wa Senseo mwaka wa 2001, unaotumia vifuko laini vya karatasi badala ya kapsuli ngumu.

Ni muhimu kutambua kwamba matawi haya yalizaliwa na haja mbili tofauti. Uswisi ilitafuta ubora bila ujuzi. Marekani ilitafuta kikombe kimoja bila upotevu. Haja zote mbili zilikuwa halisi.

Jinsi Mtambo Unavyofanya Kazi

Kapsuli ni kikopo kidogo cha alumini au cha plastiki, chenye kahawa iliyokwisha kuchomwa na kusagwa, na kilichozibwa kabisa ili hewa isipenye. Kapsuli ndogo ya espresso huwa na takriban gramu 5 hadi 6 za kahawa. Inapotiwa mtamboni, hutobolewa. Maji yaliyochemshwa hadi nyuzi 90 au zaidi za selsiasi husukumwa ndani kwa pampu, yakapita katika kahawa, na kinywaji kikatoka upande wa pili hadi kikombeni.

Mitambo ya espresso hutumia shinikizo kubwa, ndiyo sababu kahawa yake hutoka na povu juu. Mitambo ya Kimarekani hutumia shinikizo dogo zaidi, na kahawa yake huwa nyepesi na nyingi. Katika aina zote mbili, ujuzi wa mpishi umeondolewa mikononi mwake na kutiwa katika vitu viwili: kipimo kilichomo ndani ya kapsuli na mpangilio wa mtambo.

Manufaa

Manufaa ya kwanza ni wepesi na uthabiti wa ladha. Kikombe cha leo hufanana na cha jana, na cha mpishi mahiri hufanana na cha mgeni aliyeingia jikoni kwa mara ya kwanza. Kwa muuguzi wa zamu ya usiku, kwa mzee anayeishi peke yake, au kwa mtu ambaye mikono yake haina nguvu za kusaga na kuinua birika, jambo hili si anasa.

Pili, kahawa hudumu na ubora wake. Adui mkubwa wa kahawa iliyosagwa ni hewa, ambayo huifisha harufu yake katika muda wa siku chache. Kapsuli iliyozibwa barabara huihifadhi kwa miezi mingi.

Tatu, katika meza moja kila mtu hunywa atakacho. Mmoja atachagua kahawa kali, mwingine nyepesi, na wa tatu isiyo na kafeini, bila mabirika matatu kupikwa.

Nne, na hili huwashangaza wengi, kapsuli hupunguza upotevu wa kahawa na maji. Sehemu kubwa ya athari za kahawa kwa mazingira haitokani na ufungashaji, bali hutokana na ukuzaji wa mbuni na nishati ya kuchemshia maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Québec kilichoko Chicoutimi, Kanada, walieleza mwaka wa 2023 kwamba kahawa ya kuchuja inaweza kuchafua hewa zaidi kuliko ya kapsuli, kwa kuwa wapishi hutumia unga mwingi zaidi kwa kikombe. Hata hivyo, kahawa ya unga unaoyeyuka ndiyo iliyokuwa na athari ndogo zaidi, mradi tu maji yaliyochemshwa yawe yale yanayohitajika. Aidha, yeyote anayepima unga wake vyema anaweza kuifuta faida hiyo ya kapsuli bila kununua mtambo wowote.

Madhara

Dhara linalotajwa sana ni taka. Mwaka wa 2016, jiji la Hamburg nchini Ujerumani lilipiga marufuku matumizi ya fedha za umma kununulia mitambo na kapsuli za aina hii katika ofisi zake. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya hesabu nyepesi: gramu 6 za kahawa hufungwa kwa gramu 3 za ganda.

Watengenezaji hujibu kwamba ganda hilo linaweza kutumika upya. Jibu hilo ni kweli nusu. Alumini inaweza kuyeyushwa tena na tena, na kuiyeyusha upya huokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuizalisha kutoka kwenye mawe yake. Lakini lazima kwanza ikusanywe. Kapsuli ni ndogo kiasi kwamba hupenya katika mianya ya mashine za kuchambulia taka, na imejaa mashapo yenye majimaji. Kapsuli za plastiki nazo zina utata zaidi. Septemba 2024, kampuni ya Keurig ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 kwa mamlaka ya soko la hisa ya Marekani, kwa kudai katika taarifa zake kwamba kapsuli zake zinafaa kutumika upya bila kufichua kwamba kampuni mbili kubwa za uchakataji taka zilikuwa zimelitilia shaka jambo hilo. John Sylvan mwenyewe alikiri mwaka wa 2015, alipohojiwa na jarida la The Atlantic, kwamba wakati mwingine huujutia uvumbuzi wake. Kwa hivyo, mahali pasipo na mpango thabiti wa kuzikusanya, kapsuli huishia jaani, na anayezichakura huko si yule aliyeinywa kahawa.

Dhara la pili ni gharama. Iwapo kapsuli moja ina gramu 5, kilo moja ya kahawa hujaza kapsuli 200. Tuseme kapsuli inauzwa kwa shilingi 80: mnunuzi atakuwa ameinunua kilo hiyo kwa shilingi 16,000. Bei hii haionekani, kwa sababu hulipwa kikombe kwa kikombe.

Tatu, mnunuzi wa mtambo hujifunga. Aghalabu kapsuli za kampuni moja haziingii katika mtambo wa nyingine. Hataza kuu za Nespresso zilipokwisha mnamo mwaka wa 2012 hivi, washindani wengi waliingia sokoni na minyororo ikalegea. Mwaka wa 2014 Keurig ilitoa mtambo uliozikataa kapsuli zisizo na alama maalumu. Wateja walilalamika, na mwaka uliofuata kampuni ikakiri kwamba ilikosea. Mtambo huuzwa mara moja, lakini kapsuli huuzwa kila asubuhi.

Nne ni usafi. Kwa kuwa mtumiaji haoni uchafu, hudhani haupo. Mwaka wa 2015 watafiti wa Valencia, Uhispania, walichunguza mitambo 10 ya aina hii na kukuta bakteria wa namna nyingi katika visahani vya kukingia matone. Dawa yake ni kuosha mara kwa mara, yaani kuirejesha ile kazi ambayo mtambo uliahidi kuiondoa.

Mkulima wa Mbuni

Mjadala wa kapsuli ukikomea jikoni utakuwa haujakamilika. Kenya ni nchi ya mbuni. Miche ya kahawa ililetwa na wamishenari na kupandwa Bura, katika vilima vya Taita, mwaka wa 1893. Hadi leo sehemu kubwa mno ya kahawa ya Kenya husafirishwa nje ikiwa haijachomwa.

Hesabu ifuatayo inatoa mwanga. Takriban kilo 6 hadi 7 za matunda mabivu hutoa kilo moja ya buni kavu, na buni hiyo hupoteza kama asilimia 15 hadi 20 ya uzani wake inapochomwa. Kwa hiyo kilo moja ya matunda aliyoyachuma mkulima kwa mkono, moja baada ya jingine, hujaza takriban kapsuli 25. Kwa bei ya mfano uliotangulia, ni shilingi 2,000. Msomaji aliyekulia katika familia yenye mibuni anajua vyema pengo lililopo kati ya kiasi hicho na malipo yanayomfikia mkulima.

Ni haki kuongeza kwamba pengo hilo halikuletwa na kapsuli. Hata kahawa ya pakiti ina pengo lake. Kinachofanywa na kapsuli ni kulipanua. Thamani inayoongezwa haimo katika buni, bali imo katika ganda, hataza na matangazo, na vyote hivyo humilikiwa mbali na shamba.

Juhudi za Kurekebisha

Ziko juhudi za kupunguza madhara haya. Zipo kapsuli za chuma ambazo mtumiaji huzijaza mwenyewe na kuziosha, na zipo zinazoweza kuozeshwa, ingawa nyingi huhitaji joto la mitambo maalumu ya mboji. Mwaka wa 2022 kampuni ya Migros ya Uswisi ilizindua mfumo wa CoffeeB, unaotumia tufe la kahawa iliyoshindiliwa pasipo ganda la alumini wala plastiki. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya ufungashaji iliyoanza kuwa sheria Februari 2025 inazihesabu kapsuli kuwa vifungashio, hivyo kuwawajibisha wanaoziuza.

Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba kikombe kimoja kwa mtu mmoja si uvumbuzi wa Uswisi wala wa Marekani. Katika mitaa ya Mombasa na Lamu, muuza kahawa hutembea na dele lake la shaba lililokaa juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili asikike. Mteja hupewa kikombe kimoja kidogo, chenye moto, papo hapo, kwa kipimo kisichozidi. Kikombe huoshwa, akapewa mwingine. Hapana ganda linalobaki. Dele haliwezi kumfaa kila mtu katika kila ofisi, lakini linathibitisha kwamba kipimo cha mtu mmoja na taka si ndugu wa damu.

Hitimisho

Imebainika kwamba mtambo wa kapsuli una manufaa halisi kwa anayekunywa peke yake, asiye na wakati au nguvu, na aliye mahali ambapo maganda hukusanywa. Katika ofisi ya watu 20 wanaokunywa saa moja, au katika mji usio na mfumo wa kuyakusanya maganda, birika, kichujio na kijiko cha kupimia hufanya kazi ileile kwa gharama ndogo zaidi. Kabla ya kuununua, basi, mtu au taasisi haina budi kujiuliza maswali matatu: ni nani atakayelichukua ganda, kilo moja ya kahawa itakuwa imegharimu kiasi gani, na ni fungu lipi la bei hiyo litakalomrudia aliyeichuma. Kahawa imeelea kikombeni, walioiunda wasisahauliwe.