Nyigu wa Uganda: kikaratasi cha makumbusho kinamhusu vipi mkulima wa kahawa Nyaishozi?

Pasua tunda la kahawa lenye kitundu kidogo kwenye ncha yake. Ukikuta kadudu keusi na funza weupe ndani, huyo ni ruhuka. Anakula punje yenyewe, na kahawa inapungua uzito na ubora. Kwa familia za Nyaishozi na Karagwe yote zinazosomesha watoto kwa kahawa, hiyo ni ada inayoliwa.

Kumbe ruhuka naye ana adui, na jina lake liko kwenye vitabu vya sayansi kwa zaidi ya miaka 100 sasa.

Ni nani huyo?

Ni nyigu mweusi wa milimita 2 hivi. Usimfikirie yule anayejenga kiota darini. Huyu ni mdogo kuliko punje ya mchele.

Wataalamu wanamwita Prorops nasuta. "Nasuta" ni Kilatini, maana yake mwenye pua kubwa, kwa sababu uso wake umechomoza mbele. Jina alipewa mwaka 1923 na James Waterston, mtaalamu wa wadudu wa London, kwa sampuli zilizotoka Uganda.

Anafanyaje kazi?

Jike anaingia kwenye tunda kwa tundu lilelile la ruhuka. Anamuua ruhuka mama, anakula mayai na funza wadogo, kisha anataga juu ya funza wakubwa. Watoto wake wakianguliwa, chakula kipo tayari.

Kikaratasi kina kazi gani?

Kila mdudu wa makumbusho ana kikaratasi chini yake: alikamatwa wapi, lini, na nani, kwenye mmea gani. Bila hicho, ni mdudu mkavu tu.

Ruhuka alipofika Brazil na kuharibu mashamba, wataalamu walijua pa kumtafuta adui wake. Mwaka 1929 walichukua nyigu hawa Uganda. Hadi leo huko wanamwita "vespa de Uganda", yaani nyigu wa Uganda. Hakummaliza ruhuka peke yake, lakini aliweka makazi.

Wewe unaweza kufanya nini?

Nyigu haonyeshi pasipoti pale mpakani Murongo. Rekodi ikisema "Uganda", haina maana kwamba anaishia Uganda. Ina maana kuna mtu alimkamata huko na akaandika.

Jaribu hivi:

- Weka matunda yenye vitundu kwenye chupa, funga mdomo kwa kitambaa kilichobana, subiri wiki chache.
- Akitoka mdudu mwenye mabawa na kiuno chembamba, mpige picha kwa simu.
- Andika kijiji, tarehe, aina ya kahawa na jina lako.
- Mwonyeshe afisa ugani, au wataalamu wa TaCRI kituo cha Maruku, Bukoba.

Siku hizi rekodi kama hizi zinaingia kwenye kanzidata ya dunia iitwayo GBIF. Hapa nchini kazi hiyo iko chini ya COSTECH.

Na kabla ya kupulizia dawa shamba zima, kumbuka: dawa haichagui, inaweza kumuua na nyigu. Anza na la bure. Baada ya mavuno, okota matunda yote yaliyobaki mtini na chini, maana humo ndimo ruhuka anasubiri msimu ujao.