Digrii, vyeti au uzoefu: Fedha za korosho zipelekwe wapi?

KILA mwaka mambo mawili hukutana katika kaya nyingi za mikoa ya kusini. Minada ya korosho huanza mwezi Oktoba, na vyuo vikuu hufunguliwa karibu wakati huo huo. Fedha za mauzo zinaingia kwenye akaunti ya mkulima huku barua ya chuo inayodai ada iko mezani.

Chukua mfano wa mkulima wa Newala ambaye kijana wake amemaliza kidato cha 6 na anataka kazi ya kompyuta. Kijana mwenyewe anataka kusoma digrii. Binamu yake aliyeko Dar es Salaam amepiga simu kusema digrii ni kupoteza muda, afadhali asome kozi ya miezi michache ya mitandao na kupata cheti kinachotambulika duniani. Mjomba mwenye duka la vifaa vya ujenzi Masasi naye anasema: "Mleteni huku kwangu ashike kompyuta ya dukani. Kazi atajifunzia kazini."

Wote watatu wana hoja, na kila mmoja anaweza kutaja jina la mtu aliyefanikiwa kwa njia yake. Tatizo ni kwamba mzee ana fedha za uamuzi mmoja tu. Akikosea, msimu ujao atakopa salfa, na mdogo wake kijana huyo atasubiri zamu yake bila kujua itafika lini.

Swali hili linaulizwa sasa katika nyumba nyingi za wakulima na wafanyabiashara wadogo. Tangu mkonga wa SEACOM ulipofika pwani ya Tanzania mwaka 2009, intaneti imeingia katika benki, hospitali, halmashauri na hata vyama vya msingi. Mtu wa kuitunza mitambo hiyo anahitajika. Lakini kuhitajika kwa kazi ni jambo moja, na kijana wako kuipata ni jambo jingine.

Kwa macho ya uchumi, digrii, cheti na uzoefu ni uwekezaji kama mwingine wowote. Kila kimoja kina gharama, muda wa kusubiri, mavuno na hatari yake. Mkulima ambaye amewahi kuchagua kati ya mkorosho na ufuta tayari anaijua hesabu hii.

Digrii ni mkorosho

Mkorosho huchukua takriban miaka 3 kabla ya kuanza kuzaa, kisha huzaa kwa miaka mingi. Digrii ya sayansi ya kompyuta au ya teknolojia ya habari nayo kwa kawaida huchukua miaka 3, na zile za uhandisi miaka 4.

Faida yake ya kwanza ni mlango. Serikali inapotangaza nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II kupitia Sekretarieti ya Ajira, inataka shahada. Kijana anaweza kuwa hodari kuliko wote waliofika kwenye usaili, lakini bila karatasi hiyo hataitwa. Benki na mashirika makubwa mengi nayo huanza kuchuja maombi kwa kigezo hicho hicho.

Faida ya pili ni msingi. Hesabu, mantiki ya kuandika programu, jinsi hifadhidata inavyopangwa na jinsi mitandao inavyozungumza ni mambo yasiyochakaa haraka. Aliyeyashika vizuri hubadilisha programu anayotumia kama fundi anavyobadilisha nyundo.

Gharama yake nayo ni kubwa. Zaidi ya ada kuna chumba, chakula, nauli na kompyuta ya mkononi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupunguza mzigo huo kwa wanaokidhi vigezo. Hata hivyo, mkopo ni deni. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Mzazi anayetegemea kijana amsomeshe mdogo wake mara tu akipata kazi aliingize makato hayo katika hesabu.

Ipo pia njia ya ngazi, ambayo wazazi wengi huiruka kwa sababu haina sifa ya joho. Katika mfumo unaosimamiwa na NACTVET, kijana wa kidato cha 4 mwenye ufaulu unaotakiwa huanza cheti cha msingi, ngazi ya 4, na kufika stashahada, ngazi ya 6, kwa miaka 3. Aliyemaliza kidato cha 6 anaweza kuingia moja kwa moja stashahada na kuimaliza kwa miaka 2. Akifika hapo anaweza kufanya kazi kwanza, kisha arudi kusoma digrii kwa fedha zake. Ni kama kujenga nyumba chumba kimoja kimoja, ambapo fedha zikikatika njiani, bado kuna mahali pa kulala.

Cheti ni mbegu ya muda mfupi

Vyeti anavyovizungumzia binamu wa Dar es Salaam ni vile vinavyotolewa na kampuni na vyama vya taaluma. A+ ya CompTIA hupima ujuzi wa kutengeneza na kuhudumia kompyuta, na ina mitihani 2. CCNA ya Cisco hupima ujuzi wa mitandao. Tangu Februari 2020 ina mtihani mmoja, na ada yake ya kawaida ni dola 300 za Marekani kabla ya kodi.

Mavuno yake huja mapema. Kijana mwenye bidii anaweza kujiandaa kwa miezi kadhaa badala ya miaka. Tena cheti kinamwambia mwajiri jambo mahususi, kwamba huyu anaweza kupanga ruta na kutafuta kosa katika mtandao, jambo ambalo karatasi ya digrii peke yake haisemi.

Lakini cheti kina mambo 3 ambayo mlipa ada lazima ayajue.

La kwanza, vingi vinakwisha muda. A+ na CCNA hudumu miaka 3, na baada ya hapo mtu lazima avihuishe. Kuna vingine hufutwa kabisa. Katika miaka ya 2000 matangazo ya kozi ya MCSE ya Microsoft yalijaa mijini, na familia zililipa fedha nyingi kuisoma. Microsoft iliufunga mpango huo Januari 2021. Waliokwishaujua wenyewe mfumo waliendelea na kazi, lakini waliokuwa na jina la cheti tu walibaki na karatasi ya kutundika.

La pili, cheti cha kuhudhuria darasa na cheti cha kufaulu mtihani wa kampuni ni vitu viwili tofauti. Kituo cha mafunzo mtaani kinaweza kutoa cha kwanza siku ya mahafali. Cha pili hupatikana kwa mtihani unaosimamiwa na kampuni yenyewe au wakala wake, na mwajiri anaweza kukihakiki kwa mtandao. Kabla ya kulipa, mzazi aulize: ada hii ina mtihani ndani yake, au ni ya masomo tu? Jibu lisilonyooka ni sababu tosha ya kuondoka na fedha zako.

La tatu, vyeti vingine si vya kuanzia. CISSP, cheti kikubwa cha usalama wa mitandao, kinataka miaka 5 ya kazi inayohusika, na digrii hupunguza mwaka 1 tu. CISA, cha ukaguzi wa mifumo, nacho kinataka miaka 5, ingawa sehemu yake inaweza kufidiwa na masomo. Kijana asiyewahi kufanya kazi anaweza kukaa kwenye mtihani na hata kufaulu, lakini cheti kamili hatapewa. Anayemuuzia kozi hizo aliyemaliza kidato cha 6 anamuuzia mbegu mtu ambaye hajafyeka shamba.

Aidha, masomo mengi ya awali yanapatikana bila malipo au kwa bei ndogo kupitia Cisco Networking Academy na Microsoft Learn. Asiyeweza kumaliza somo la bure kwa nidhamu yake hatabadilika kwa kulipiwa kozi ya bei kubwa. Hicho ni kipimo kizuri kwa mzazi kabla hajatoa shilingi.

Uzoefu ni palizi

Hapa ndipo vijana wengi hukwama. Tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka 2, na uzoefu hupatikana kwa kupewa kazi. Lakini fundo hilo linafunguka kama mtu ataacha kuusubiri uzoefu ofisini na kuanza kuutafuta karibu na nyumbani.

Mjomba wa Masasi hakosei. Duka lake lina mashine ya risiti za kodi, daftari la wadeni na bidhaa zinazopungua bila maelezo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana anayeweza kuhamishia daftari hilo kwenye kompyuta, akaonyesha kila jioni kilichouzwa na kilichobaki, na akaweka nakala ya akiba mahali pengine, amefanya kazi halisi ya teknolojia ya habari. Chama cha msingi chenye orodha ya wakulima na kilo zao kinahitaji mtu wa namna hiyo. Shule ya kata yenye kompyuta 10 ambazo 7 zimekufa nayo inamhitaji.

Kinachotakiwa ni ushahidi. Kijana aandike alichokikuta, alichokifanya na kilichobadilika, na apate barua yenye sahihi ya mwenye duka au katibu wa chama. Barua 3 za namna hiyo zina uzito kwenye usaili.

Uzoefu nao una kasoro zake. Anayefanya jambo lile lile kwa miaka 5 ana uzoefu wa mwaka 1 uliorudiwa mara 5. Uzoefu wa dukani peke yake hauvuki mlango wa Sekretarieti ya Ajira. Na yapo maduka yanayomtumia kijana kubeba saruji mchana kutwa kwa jina la kujifunza kompyuta. Makubaliano ya kazi, muda na posho yawekwe wazi siku ya kwanza, hata kama bosi ni mjomba.

Hesabu ya mfano

Tuchukue tarakimu za kubuni ili kuona njia inavyokwenda, kila msomaji aweke za kwake. Digrii igharimu Sh4 milioni kwa mwaka, yaani Sh12 milioni kwa miaka 3. Stashahada igharimu Sh2.5 milioni kwa mwaka, yaani Sh5 milioni kwa miaka 2. Tofauti ni Sh7 milioni.

Mwaka wa tatu mwenye stashahada yuko kazini kwa Sh400,000 kwa mwezi, sawa na Sh4.8 milioni, wakati mwenzake bado yuko darasani. Tofauti inafika Sh11.8 milioni. Mhitimu wa digrii akianza kazi kwa Sh600,000, anamzidi mwenzake Sh200,000 kila mwezi. Atahitaji miezi 59, karibu miaka 5, kuifidia tofauti hiyo. Kwa maisha ya kazi ya miaka 30, hiyo si hasara.

Lakini akikaa nyumbani mwaka mmoja baada ya kuhitimu, Sh4.8 milioni nyingine zinaongezeka, jumla Sh16.6 milioni. Sasa anahitaji miezi 83, karibu miaka 7, tangu siku anayoanza kazi. Mwenye stashahada naye akikosa kazi, hesabu yake inaharibika vile vile. Funzo hapa ni kwamba kinachokula fedha za mzazi zaidi ni muda wa kukaa bure baada ya masomo, na kinga rahisi dhidi ya muda huo ni uzoefu unaokusanywa wakati masomo yanaendelea.

Kupanga kwa hali ya kaya

Kwa kaya yenye kijana mwenye ufaulu mzuri na uhakika wa mkopo au akiba ya miaka 3, digrii inafaa, kwa sharti kwamba kila likizo aende kazini na mwaka wa mwisho afanye mtihani mmoja wa cheti cha kuanzia. Kwa kaya isiyo na uhakika wa fedha za mwaka wa pili, stashahada ni salama zaidi kuliko digrii itakayokatika katikati. Kwa kijana ambaye hakufaulu vya kutosha, aanze na cheti cha msingi cha chuo kilichosajiliwa au ufundi VETA, huku akishika kazi ya dukani.

Kwa wote, usajili wa chuo uhakikiwe TCU au NACTVET kabla ya kulipa. Mzazi aulize wanafunzi wangapi wanatumia kompyuta moja, na mwaka jana walipelekwa wapi kwa mafunzo kwa vitendo. Na shamba lisiuzwe. Shamba ndilo litakalolipa ada ya mdogo wake, na ndilo litakalomlisha mhitimu anayesubiri ajira.

Siku hizi limeongezeka jambo jingine. Programu za akili mnemba zinaandika barua, majedwali na hata vipande vya programu za kompyuta. Kazi nyepesi ambazo zamani alipewa mgeni ili ajifunze zinapungua. Mwenye msingi na mikono iliyozoea kazi ataweza kuikagua mashine hiyo inapokosea, lakini aliyekariri majibu ya mtihani hataweza.

Mzee wa Newala hana sababu ya kuchagua mmoja kati ya mwanawe, binamu na mjomba. Anapopanda mikorosho michanga haachi nafasi katikati ikae bure kwa miaka 3. Hupanda mihogo, karanga na mbaazi humo humo, kaya ikala wakati mti unakua. Ada ya muhula wa kwanza ilipwe, kijana aende chuo, na likizo ya kwanza apande basi la Masasi, kwenye kompyuta ya mjomba.