Uaminifu Huanza na Mali ya Mwenzio

Wanaowalaumu wazazi wa siku hizi kwa kutowahubiria watoto uaminifu wanakosea pa kulaumu. Mahubiri yamejaa tele. Kinachopungua ni amana: mali ya mtu mwingine iliyowekwa mikononi mwa mtoto, akijua kwamba ataulizwa. Unyamwezi ulilijua hilo zamani. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wenye miaka sita au saba walishaanza kubeba pembe ndogo ya ndovu begani. Biashara ya pembe yenyewe ilikuwa na damu, tusijidanganye. Lakini malezi yale hayakutegemea maneno.

Watakaosema kwamba wapagazi, wabeba mizigo wa biashara hiyo, walitoroka hawatakosea; vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa manung'uniko hayo. Ila kutoroka mara nyingi kulikuwa mgomo wa mtu asiye na pa kushtaki: posho imepunjwa, mzigo umezidi, mbele kuna vita. Kumwacha mwajiri njiani ni jambo moja, kumwibia ni jingine. Msafara wa Chuma na Susi, watumishi wa mmisionari Livingstone, ulipoingia Unyanyembe, eneo la Tabora hiyo hiyo, na maiti ya bwana wao mwaka 1873, msafiri Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike huko huko. Walikataa, wakamfikisha Bagamoyo Februari 1874. Aliyewaajiri alikuwa amekufa, wala hapakuwa na wa kuwadai.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Leo, katika wilaya ya Uyui mkoani Tabora, fedha nyingi ya mkulima hutoka kwenye tumbaku. Pembejeo hukopwa kupitia chama cha msingi, na anayetorosha marobota usiku kumuuzia mlanguzi huwaachia majirani deni lake. Atasema bei ni ndogo na malipo yanachelewa. Pengine ni kweli, na ana haki ya kupiga kelele mkutanoni. Lakini aliyebeba deni lake si mnunuzi, ni jirani. Na mtoto anayeona majani mabovu yakifichwa katikati ya robota hajifunzi siasa ya bei, anajifunza kufunga robota hivyo. Kwa hiyo mtoto wa darasa la saba aonyeshwe daftari la deni la nyumbani, alisome mstari kwa mstari, hadi mbolea ya nani ililipwa na nani. Na chama nacho kiandike makato yake waziwazi, mtoto huyo ayaelewe bila kumwita karani.