Mruko uliomwangusha bingwa

Wanaoteleza kwenye barafu wana mruko mmoja wanaouogopa kama simba: Axel. Jina ni la Axel Paulsen, Mnorwei aliyeuruka mwaka wa 1882. Miruko mingine huanza mtu akienda kinyumenyume. Huu huanza akitazama mbele, ilhali hutua kinyumenyume, kwa mguu mmoja. Kwa hiyo daima huzidi kwa nusu mzunguko.

Yuzuru Hanyu wa Japani alikuwa na dhahabu mbili za Olimpiki, za 2014 na 2018. Wengi wangetosheka. Yeye alitaka kuzunguka mara nne na nusu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifaulu mashindanoni. Na mtu hukaa hewani chini ya sekunde moja, msomaji! Lazima abane mikono kifuani ili azunguke upesi, kisha aifungue kwa wakati. Akichelewa kidogo tu, barafu humpokea kwa ubavu.

Beijing, Februari 2022, Hanyu alijaribu, akaanguka, akamaliza wa nne.

Septemba mwaka huo huo, mjini Lake Placid, Marekani, Ilia Malinin, kijana wa miaka 17, aliuruka akatua wima. Wazazi wake wote wawili waliteleza katika Olimpiki, lakini aliyemtia hamu ya kuujaribu mruko huu, alisema, ni Hanyu.