Akiba ya dharura nyumbani isiwe khazina iliyopotea

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, wengi wetu tunaishi mashambani na visiwani, mbali na benki na nguzo za umeme. Fedha za kwenye simu hutufaa. Lakini mgonjwa anapozidiwa usiku, na simu imezimika kwa kukosa chaji, kinachomfikisha hospitali ni noti zilizomo ndani ya nyumba. Kuziweka si upungufu wa tawakkul. Mtu mmoja alipomuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya ngamia wake, alielekezwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mola wake.

Hata hivyo, akiba hiyo ina maadui watatu.

Wa kwanza ni mchwa, unyevu na moto. Noti zisifukiwe ardhini wala kuchomekwa katika makuti. Ziwe kavu, zitiwe katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko. Ziwe ndogondogo, kwani usiku wa manane ni nani atakayekupa chenji? Na kiwe kiasi cha dharura tu, si mali yote.

Wa pili ni wakati. Nchini Kenya, noti za zamani za shilingi 1,000 zilikoma kutumika baada ya Septemba 30, 2019. Tanzania nayo ilitoa muda wa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 kubadilisha noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003. Aliyesahau alichoficha, alibakiwa na karatasi. Basi ifungue chupa yako kila mwaka siku unayohesabu zaka. Fedha hiyo, pamoja na nyinginezo ulizonazo, ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na kupitiwa na mwaka wa Kiislamu, hutolewa asilimia 2.5, yaani shilingi 25,000 katika kila milioni.

Wa tatu, na ndiye mkubwa, ni usiri uliopita kiasi. Suratul Kahf inatusimulia khazina ya mayatima wawili chini ya ukuta uliokaribia kuanguka. Allah (S.W.) aliwahifadhia kwa sababu ya wema wa baba yao. Sisi tumeamrishwa kuandika: Mtume (S.A.W.) alituusia kwamba Muislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa.

Kwa hiyo, mume amjulishe mkewe, na mke mumewe, au ajulishwe mtu mzima mmoja aliye mwaminifu. Iandikwe fedha ni kiasi gani, ipo wapi na ni ya nani. Ikiwa ni amana ya jirani au ya kikundi, itengwe, isije ikagawanywa kuwa mirathi, marehemu akaulizwa kaburini haki ya watu.

Allah (S.W.) atuhifadhie mali zetu na atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana. Amin.