Je, Wajua? Mpemba Kati ya Waasi wa Vina

Ukipanda gari ya Gando kutoka Wete msimu wa karafuu, utapita majamvi yaliyoanikwa kandokando ya barabara, na harufu haikuachi mpaka unashuka. Pemba ni karafuu, sawa. Lakini Pemba ni mashairi pia.

Je, wajua kuwa mwandishi Said Ahmed Mohamed alizaliwa Pemba mwaka 1947, kisiwa kile kile cha Kamange na Sarahani, mafahali wawili wa ushairi wa kale?

Je, wajua ugomvi wa vina katika ushairi ulianzia wapi? Shairi la mazoea lina mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, nane huku na nane kule, kina katikati na kina mwisho. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe akatoa diwani yake Kichomi: vina hakuna, mizani hazihesabiki. Wakongwe wakaja juu. Hayo si mashairi!

Je, wajua kuwa waasi nao hawakufanana? Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa kuandika waraka wa Kenya: Twendapi? Humo gerezani akatunga Sauti ya Dhiki, vina vyote mahali pake. Serikali aliipinga, mizani hakuigusa.

Je, wajua Said alisimama wapi? Kote kuwili. Alitoa diwani za Sikate Tamaa (1980) na Kina cha Maisha (1984), akatunga yenye vina na yasiyo na vina. Nadhani huyu ndiye aliyewatatiza zaidi walinzi wa kanuni. Mtu wa bara ungeweza kumwambia hajui mizani, Mpemba utamwambiaje?

Je, wajua kuwa katika tamthilia yake Amezidi (1995) wahusika wakuu wanaitwa Ame na Zidi? Neno moja kalipasua, kila kipande kakipa mwili, kisha kawatia wote wawili pangoni. Wahakiki huiita tamthilia ya kibwege, na ubwege wenyewe una uchungu.

Je, wajua kuwa amefundisha Osaka, Japani, na Bayreuth, Ujerumani? Na kuwa wanafunzi wa Kenya walimsoma Maimuna wa riwaya yake Utengano (1980) kwa ajili ya mtihani?

Basi msomaji wa Gando, ukiwa na nakala ya Sikate Tamaa sandukuni, itoe. Mpe kijana wa sekondari aliye jirani yako.